Sura ya Tatu: Haki Kabla ya Kuta

Kwa miaka mingi mtu wa Dar es Salaam aliyetamani kukaa kwake hakuwaza kununua nyumba, aliwaza kujenga: alipata kiwanja, akafyatua tofali kila mwisho wa mwezi kwa kadiri ya salio la mshahara, akasimamisha boma, akangoja, akapaua, akangoja tena, na aghalabu akahamia kabla madirisha hayajatiwa, akiwa radhi kulala na upepo kuliko kulipa kodi ya mwezi mmoja zaidi. Desturi hiyo haikutokana na kupenda taabu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa muradi wa kuwakopesha wananchi, ilifungwa mwaka 1995, na kutoka hapo hadi mwaka 2008, ilipotungwa sheria mpya ya mikopo ya nyumba, mtu wa kipato cha wastani alikosa mlango wa kubisha hodi. Siku hizi milango ipo, ingawa ni mizito kufunguka. Tena wapo waliolimbikiza akiba, waliopokea kiinua mgongo, walio ughaibuni, na wanandoa ambao wote wawili wameajiriwa na hawana saa ya kumsimamia fundi juani. Hawa huuliza nyumba gani wainunue na wapi, na sura hii nimewaandikia wao.

Jambo ambalo ningependa msomaji alishike mapema, maadam mengine yote yamelitegemea, ni kwamba anayenunua nyumba nchini Tanzania hununua haki kwanza, na kuta humfuata mwenye haki. Umiliki wa ardhi usio na ukomo, uliotokana na zama za utawala wa Wadachi, ulifutwa mwaka 1963. Na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, imeweka wazi kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya raia. Mwananchi hupewa haki ya kuikalia kwa muda maalumu, miaka 33, au 66, au 99, kwa sharti la kuitumia kama ilivyoandikwa na kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hati iliyotolewa mwaka 1995 kwa muda wa miaka 33 itafika ukomo mwaka 2028. Na mnunuzi anayevutwa na vigae vya sebuleni, asiposoma tarehe iliyo juu ya karatasi, huenda akatoa bei ya karne nzima kwa haki iliyobakiza miaka ya kuhesabika kwa vidole. Muda waweza kuombewa nyongeza, lakini gharama na mashaka ya maombi hayo yalistahili kupunguzwa katika bei kabla ya kupeana mkono.

Wenzetu wa Mombasa wanalijua jambo hili kwa undani zaidi kuliko sisi, kwa sababu kwao kuta na ardhi zaweza kuwa na wenyewe wawili mbalimbali. Katika mitaa kama Majengo mtu hujenga au hununua nyumba iliyosimama juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa mwenye ardhi ijara yake, na siku ya kuuza huuza mawe, boriti na bati, lakini udongo haumo katika biashara. Nyumba ya namna hiyo yaweza kuwa maskani mema kwa vizazi viwili au vitatu, na bei yake huwa nafuu. Ila yule anayeinunua akidhani amenunua na kiwanja atakuja kusomeshwa na mahakama kitu ambacho jirani yeyote angalimwambia bure barazani. Unguja nako, katika Mji Mkongwe, zimo nyumba za wakfu, ambazo aliyeziweka wakfu alizitoa katika soko milele, na hapana mrithi wala mpangaji awezaye kuziuza kwa halali, hata akiwa na funguo zote mkononi.

Turudi Dar es Salaam. Karatasi ambazo muuzaji humkunjulia mnunuzi si za daraja moja. Ya juu ni hatimiliki, yenye namba ya kiwanja na ya kitalu, ukubwa wa eneo, matumizi yaliyoruhusiwa, jina la mwenyewe na mhuri wa msajili. Chini yake ipo leseni ya makazi, iliyobuniwa kwa ajili ya mitaa ambayo watu walijenga kabla ya serikali kupima: inamtambua mkaaji, tena yaweza kumsaidia kukopa, lakini ni ya muda mfupi na haina nguvu sawa na hati. Chini kabisa ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikiwa na sahihi za mashahidi wa pande mbili na pengine alama za dole gumba. Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hili imesimama juu ya karatasi ya namna hii ya tatu, na simwambii mtu azikimbie nyumba hizo, kwani humo ndimo wakaamo ndugu zetu kwa amani na heshima. Namwambia tu asilipe bei ya hati kwa kitu kisicho na hati, na aulize kama urasimishaji umekwisha kupita mtaani, kama ramani ya mipango miji imeidhinishwa, na kama nyumba anayoitaka haikuangukia katika mstari wa barabara uliochorwa juu ya ramani hiyo hata kama leo pana mwembe na banda la kuku.

Ikiwa nyumba ina hati, hati yenyewe haitoshi kutazamwa. Ni wajibu kuulizwa kule ilikozaliwa. Kazi hiyo huitwa upekuzi, na hufanywa katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa ada ambayo, ikilinganishwa na thamani ya nyumba, haifiki hata bei ya kitasa cha mlango wa mbele. Mwombaji hupeleka nakala ya hati, na jibu analopewa ni ukurasa mmoja uliojaa maana kuliko maneno yote ya dalali: jina la mwenye milki kwa mujibu wa daftari, tarehe ya kuanza kwa haki na muda wake, na chini yake yale yaliyoandikishwa dhidi ya milki, ama rehani ya benki, ama zuio lililowekwa na mtu anayedai sehemu yake, ama amri ya mahakama. Msomaji aitazame safu hiyo ya mwisho kwa hadhari kubwa kuliko zote. Muuzaji aliyeweka rehani si lazima awe mdanganyifu. Watu wengi huuza ili walipe deni, na jambo hilo huweza kupangwa kwa insafu, benki ikilipwa moja kwa moja kutoka katika bei na hati ikaachiliwa. Lakini muuzaji aliyeficha rehani amekwisha kukuonyesha namna atakavyojibu maswali yako yaliyobaki.

Baada ya daftari, twende juu ya ardhi yenyewe pamoja na mpima. Namba ya kiwanja iliyo katika hati yafaa ioane na mawe ya mipaka yaliyo chini, maana limewahi kutokea si mara moja kwamba hati ni ya kweli, muuzaji ni wa kweli, upekuzi ni safi, na nyumba aliyoonyeshwa mnunuzi imesimama juu ya kiwanja cha jirani. Mpima hufukua nyasi pembeni mwa ukuta, akalitafuta jiwe lenye namba yake, akalilinganisha na ramani. Na mahali ambapo ukuta wa uzio umekula hatua mbili za njia ya wote, hapo mnunuzi huambiwa mapema kwamba anauziwa ugomvi pamoja na nyumba. Katika maeneo yaliyopimwa kwa mradi wa viwanja 20,000, ulioanza miaka ya 2002 na 2003 sehemu za Kibada, Tuangoma, Mivumoni na kwingineko, kazi hii huwa nyepesi; penginepo huhitaji subira, na subira hiyo ina faida.

Sasa nije kwa mtu anayeuza, nami nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa dhuluma nyingi za nyumba huingilia mlango huu.

Nyumba kongwe za Magomeni, Temeke, Ilala na Buguruni, zile za ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele na uani nyuma, zimo katika soko siku zote, kwa sababu viwanja vyake viko karibu na mjini na matajiri wa maghorofa wanavitamani. Aghalabu aliyeijenga amekwisha kufariki. Anayekupokea barazani ni mwana wa kiume mkubwa, mwenye maneno laini na funguo. Anakuonyesha vyumba vya mbele ambamo wapangaji wanaishi, anakutajia bei, anakuhimiza kwa kuwa yupo mnunuzi mwingine anayekuja kesho. Mgeni mwenye busara huomba kuona uani. Huko humkuta mama mzee ameketi juu ya kibao cha mbuzi au mkeka, anachambua mchele, wala hakuitika kwa furaha alipoambiwa kuwa huyu ndiye mgeni wa nyumba. Hapo pana swali la kuulizwa kwa adabu, na haifai aulizwe mwana mbele ya mama, aulizwe mama mwenyewe: «Shikamoo mama. Nimeambiwa nyumba inauzwa. Nimeona si murua kuendelea bila kusikia kauli yako.» Akijibu, «Marahaba mwanangu, mimi hawajaniambia kitu,» basi mnunuzi amekwisha kupewa hukumu, na anyanyuke aende zake kwa heshima.

Kwa sheria, nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya uteuzi wake, na ni hadhari njema warithi wote waliofikia umri watie sahihi za ridhaa, dada aliyeolewa Tanga na mdogo aliye Muscat vilevile. Sheria ya ukomo wa mashauri humpa mwenye dai la ardhi miaka 12. Kwa hiyo mrithi aliyerukwa leo akiwa shuleni ana wasaa wa kukua, kupata ajira, kuweka wakili, na kukufuata katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wakati wewe umekwisha kuongeza vyumba viwili na kuzoea kivuli cha mti. Wala usidhani kwamba atakuwa mtu mbaya. Atakuwa anadai urithi wa baba yake, na nyumba utakayokuwa unaitetea itakuwa ile uliyouziwa na mtu asiye na haki ya kuuza.

Hukumu iyo hiyo yahusu ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mmoja wa wanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Muuzaji akisema, «Mimi sijaoa,» ale kiapo kwa maandishi mbele ya wakili. Akisema mkewe yuko safarini, subiri arudi. Nyumba iliyonunuliwa kwa ridhaa ya mume peke yake hubaki na ufa ambao hakuna fundi wa kuuziba.

Baada ya haki huja ardhi, na ardhi ya Dar es Salaam ina kumbukumbu zake. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji, ukamwaga maji yake baharini penye daraja la Salenda. Kiangazi mtu huweza kuuvuka bila kulowesha magoti, na mvua kubwa ikija hudai bonde lote. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawahamishia Mabwepande waathirika wa mabondeni. Desemba 2015 nyumba za bonde hilo zikatiwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingi zikavunjwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuo wa bahari, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya njia. Mwaka 2017 wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, waliona nyumba walizoishi miaka mingi zikibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Mnunuzi apime mita hizo kwa kamba ya fundi, asikadirie kwa macho, kwa sababu mto hauonekani mpana mwezi wa Septemba.

Kwa hali hiyo ningemshauri kila anayetafuta nyumba ya kwanza aitazame wakati wa masika, na kama haja yake haiwezi kungoja masika, awaulize walioiona masika. Si dalali wala muuzaji ninaokusudia. Nakusudia yule bibi anayekaanga vitumbua kwenye kona tangu alfajiri, ambaye kila mtu wa mtaa humpita na kila habari humfikia.

«Shikamoo bibi.»

«Marahaba mjukuu wangu. Vitumbua vya ngapi?»

«Vya elfu moja. Bibi, ile nyumba yenye geti jeusi kule chini, wenyewe wanahama?»

«Wanahama? Wale walihama masika, mwanangu. Maji yaliingia usiku, watoto wakalala kwangu siku tatu. Hilo geti wamelipaka rangi juzijuzi.»

Maneno hayo yamegharimu shilingi elfu moja, na kifungua kinywa juu yake. Anayeyapata aende tena kwenye nyumba ile, achutame karibu na ukuta wa jirani ambao haukupakwa rangi, naye ataiona alama ya maji, mstari wa kahawia uliokwenda sawasawa kama uliopigwa kwa rula, usawa wa goti la mtu mzima.

Kuhusu maji ya kunywa na njia ya kupita nitasema machache. Pande nyingi za Kigamboni na za pwani kisima hutoa maji ya chumvi, yasiyofaa chai wala sabuni. Uliza kama bomba la DAWASA limefika, kisha fungua bomba lenyewe saa za alasiri, siku mbili mbalimbali. Tazama kama gari la kunyonya maji taka laweza kufika karibu na shimo la choo, maana katika vichochoro vingi haliwezi, na shimo likijaa hapana heshima inayobaki nyumbani. Pita njia ya kwenda kazini saa ambayo utakuwa ukienda kazini, siku ya kazi, kwa chombo utakachokuwa ukipanda. Nyumba ya Chanika yenye bustani, ambayo baba huondoka humo watoto wamelala na kurudi wamekwisha kulala, ni nyumba ya watoto na mama yao, na bei yake haikuandikwa yote katika mkataba.

Ndipo tufikapo kwenye kuta, ambazo wengi walianza nazo. Chukua fundi wako mwenyewe, usichukue wa muuzaji, umlipe ujira wake wa siku hata kama hakuona kasoro. Atagonga plasta kwa kifundo cha kidole akisikiliza palipo patupu. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa, mara nyingi ni za plasta tu. Ufa unaoanza pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi chini, mpana kiasi cha kuingiza ncha ya kisu, humaanisha kuwa msingi umecheza. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta, ilhali juu ni ya zamani, huficha chumvi na unyevu vinavyopanda kutoka ardhini, navyo vitarudi kabla mwaka haujatimia. Apande darini kwa kurunzi, atazame mbao za kenchi na madoa ya mvujo. Bafu zuri na taa za kuning'inia ziachwe ziwe za mwisho, kwani hizo hununuliwa dukani. Msingi haununuliwi tena baada ya nyumba kusimama juu yake.

Mimi kwa rai yangu, kati ya jumba lililokamilika lisilo na hati na pagale lenye hati safi, ningemshauri mnunuzi wa mara ya kwanza achukue pagale, ahamie chumba kimoja, na vingine avimalize kadiri ya riziki. Na ningependa pia watu wasizidharau zile nyumba za ukumbi katikati. Zina ubaridi ambao jumba la vioo halina. Mwenyewe huweza kukaa vyumba vitatu na kupangisha vitatu, na kodi ya wapangaji ikasaidia kulipa deni. Jioni uani hujaa watu, na mtoto halelewi na mtu mmoja. Familia changa ambayo haina fedha ya kutupa itapata humo makazi na kipato chini ya paa moja.

Wanaopendelea ghorofani wana sheria yao ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo kwa mujibu wake mtu aweza kuwa na hati ya sehemu yake, ghorofa ya tano mathalani, na kushiriki pamoja na wenzake ngazi, lifti, paa na ua. Hapa uliza mambo mawili: je, hati za sehemu zimekwisha kutolewa, au jengo zima lingali katika hati moja ya mjenzi; na mchango wa mwezi wa matunzo ni kiasi gani na nani huushika. Lifti iliyokwama mwaka mzima katika jengo la ghorofa nane hushusha thamani ya kila nyumba iliyomo, hata ya mtu aliyelipa mchango wake bila kukosa.

Kisha fedha. Bei iliyotajwa si gharama yote, kwa kuwa pana ushuru wa stempu wa asilimia 1, ujira wa wakili, wa mthamini, wa dalali, na ada za kuhamisha milki. Tena pana kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo mzigo wake ni wa muuzaji, lakini asipoilipa, uhamisho hukwama na anayeumia ni mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha. Iandikwe katika mkataba nani atalipa nini na lini. Anayekopa akumbuke kwamba deni la nyumba huweza kudumu miaka 15 au 20, kwa riba ambayo kwetu ni ya tarakimu mbili. Mtumishi wa umma hulindwa na kanuni ya kubakiziwa theluthi moja ya mshahara, na asiye mtumishi ajiwekee kanuni hiyo mwenyewe. Waislamu wanaojiepusha na riba hawakuachwa nyuma: Amana Bank ilifungua milango yake mwaka 2011, na zipo benki nyingine zenye madirisha ya kufuata sharia, ambako benki hununua kitu na kumwuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Huko nako asome masharti kwa utulivu uleule.

Arbuni isitolewe kabla ya upekuzi, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa muuzaji anaapa kwamba mnunuzi wa kesho yuko njiani. Ikishatolewa, iandikwe kuwa itarudishwa endapo haki itaonekana ina kasoro. Salio lipitie benki, kwa jina lilelile lililo katika daftari la msajili, na sehemu ya mwisho ilipwe hati ya kuhamisha milki ikiwa imetiwa sahihi na kibali kimepatikana. Walio ughaibuni wanaonunua kwa mkono wa ndugu wampe ndugu huyo waraka wa uwakala ulioandikishwa, wenye mipaka iliyo wazi, na hati itoke kwa jina la aliyetoa fedha. Udugu hauvunjwi na maandishi. Umevunjika mara nyingi kwa kukosa maandishi.

Limebaki neno moja la kumwomba msomaji aliye na mwenzi wa ndoa, naye amekwisha kupata nyumba na amekaa mbele ya wakili na kalamu mkononi. Majina yaingie yote mawili. Sheria ya Ardhi inaruhusu wanandoa kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki haki yote hubaki kwa aliye hai. Na inaruhusu pia kila mmoja kuwa na fungu lake, ambalo huingia katika mirathi yake. Mwulize wakili akufafanulie zote mbili, mshauriane nyumbani usiku ule, kisha mrudi asubuhi mkatie sahihi ile mliyoridhiana.